Simu ya Mikwaruzo Nimeirudia

S.L.P. 18,
Griftu, Wajir.
14 Juni 2025

Mpendwa kaka Kioko,

Hujambo huko Dallas? Mgongo umepata nafuu? Mimi ni mzima kabisa, joto tu ndilo linalonikaanga, na watoto wangu wa bweni hawajambo.

Aifoni ilifika. Nililia kidogo, kwa sababu najua zamu ulizoongeza ili uinunue. Siku hiyo nilipita sokoni nimeishika juu juu ili kila mtu aione.

Sasa usinikasirikie. Hiyo simu ya Amerika haina tundu la laini! Abdinur wa duka la simu aliigeuzageuza na pini yake mpaka akatoka jasho, kisha akasema laini ya simu hiyo huwekwa kwa mtandao, nitafute msaada Wajir mjini. Nikaona nitaenda likizo ikifika. Kwa maringo yangu nikaizima Android yangu ya zamani yenye laini, nikaitupa sandukuni, nikawa naomba intaneti kwa walimu wenzangu.

Kumbe Hadiyo, mamake Kaaha wa gredi ya tano, yuko malishoni upande wa Eldas, na kila Alhamisi akifika penye mtandao hunipigia amsikie mwanawe. Namba yangu anaijua kwa kichwa. Alipiga Alhamisi mbili, akaambulia patupu. Akaamua mtoto ni mgonjwa na mimi nimeogopa kumwambia. Akadandia lori la mbuzi wa mnada, akaja.

Alimkuta Kaaha akiruka kamba. Alimkumbatia, akaketi mchangani, akacheka na kulia kwa pamoja. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

“Mwalimu, simu nzuri ni ile nabiga, unashika,” aliniambia, kisha akanimiminia maziwa ya ngamia.

Basi Android imetoka sandukuni. Naipenda, kaka, siwezi kukuficha. Inabeba laini zangu mbili, chaji yake iko kila duka la sola hapa, na mikwaruzo yake naijua kwa kidole.

Aifoni nayo haikai bure. Ndiyo iliyopiga picha hii ya Kaaha na mamake niliyoitia kwenye bahasha. Tazama meno yote yalivyo nje. Nimefurahi mno kuwa nayo siku hiyo.

Nisalimie wifi Ciku na watoto. Mungu awatangulie kila mlango mnaopita.

Dada yako akupendaye, kwenye namba ile ile,
Mueni