Vitufe vya Kandambili vya Shaibu

Jumapili. Jua la leo Kibaha linakausha nguo ukiwa bado unazifua.

Nimekaa mbele ya kibanda changu hapa Sofu, mlango nimefunga, sina hamu ya simu ya mtu. Lakini nina habari njema, nazo ni hizi: mimi ndiye mwanaume mwenye bahati kuliko wote katika mkoa wa Pwani. Wenzangu bahati yao ni kuokota noti iliyodondoka sokoni. Mimi nimeunguza kitu cha rafiki yangu, kitu ambacho hakipatikani tena, leo nimekwenda kwake nikamwambia uso kwa uso, akanisamehe palepale, tena kwa kicheko. Hakuna kikao cha wazee, hakuna kununa. Nionyeshe mwingine mwenye nyota ya namna hiyo.

Ngoja nieleze vizuri. Blogu hii ina wasomaji saba, na wawili kati yao ni mimi na simu zangu mbili, lakini hao watano nawaheshimu.

Rafiki yangu anaitwa Shaibu. Anaishi Vihingo, kule Kisarawe, kwa mama yake, Bi Tatu. Ujana wetu tuliumalizia pale Maili Moja kwenye kibanda cha gemu, na katika miaka yote ile sikumfunga hata mara moja. Nimekuwa utingo wa malori, nimevuka Tunduma, nimelala Lubumbashi, nimegombana na polisi kwa lugha nne ambazo sizijui. Sikukutana na mtu mwenye vidole vyepesi kama vya Shaibu.

Yeye ni Mzaramo, mimi Mnyamwezi. Sisi ni watani tangu babu zetu walipokuwa wanashuka pwani na mizigo kichwani. Kwa hiyo baina yetu hakuna neno la kuudhi. Alipooa nilikwenda kumlilia bwana harusi mwenyewe kama maiti. Baba yangu alipofariki, Shaibu alilala kaburini, akakataa kutoka mpaka apewe jogoo. Watu walicheka msibani, hata mama yangu. Ndiyo kazi ya mtani.

Mwaka juzi alianguka kwenye mnazi.

Miguu haikurudi. Mkono wa kushoto haukurudi. Wa kulia ulirudi nusu, na muuguzi wa zahanati alisema bila kuzunguka: vidole hivi visipopewa kazi kila siku, vitakakamaa kama vya mwenzake. Mke alivumilia miezi minane. Simlaumu, wala simsifu.

Ndipo dada yake Shaibu, Zuhura, ambaye alikuwa anafanya kazi za ndani Muscat, akarudi na kitu chenyewe. Ni kompyuta ndogo ya mkononi ya kuchezea gemu, lakini si kama zile zilizozibwa ambazo ukizifungua zinakufa kwa hasira. Hii inakuja vipande vipande ndani ya boksi: bodi kando, kioo kando, vitufe kando, nyumba ya betri kando. Unaiunga mwenyewe. Michoro yake yote iko wazi mtandaoni, na waliotengeneza wanakuruhusu uifungue, uikate, uhamishe chochote popote utakapo. Zuhura aliiona kwa mtoto wa tajiri wake, akamuuliza: vitufe vyote vinaweza kukaa upande mmoja? Akaambiwa vinaweza. Akaagiza yake. Aliyeniletea boksi kutoka Vihingo aliniambia ndicho kitu pekee cha maana alichorudi nacho Zuhura mkataba wake ulipokwisha.

Kazi nikapewa mimi, na hapa nitajisifu kwa haki. Vitufe vya upande wa kushoto nilivihamishia kulia, waya kwa waya, nyembamba kuliko unywele. Vitufe vyenyewe vilikuwa vigumu kwa vidole vya Shaibu, nikavitupa, nikakata vingine kutoka kwenye soli ya kandambili ya buluu. Laini. Ukivigusa vinaitika. Nyumba yake nikaichonga kwa mti wa mkorosho, ikakaa kwenye kiganja cha kulia kama andazi. Kwanza nilimtengenezea kipande cha mfano, mbao tupu yenye vitufe vya kandambili visivyounganishwa na chochote, nikampelekea ajaribu vipimo. Akasema kitufe cha dole gumba kishuke kidogo. Nikakishusha.

Jumatano moja niliiwasha kwa waya wa chaji. Ikawaka. Kioo kikatoa rangi ambazo sikuziona tangu tuko vijana. Nikarekodi video, nikamtumia. Akajibu kwa sauti, anapiga vigelegele kama mwanamke, na nyuma yake Bi Tatu anauliza, "Nini? Nini?"

Alhamisi nikaiua.

Naiandika aibu hii kama ilivyo. Ilibaki kuweka betri tu. Ni zile betri za duara, nene kuliko kidole, ambazo sisi mafundi tunazitoa kwenye laptopu zilizokufa. Zinakaa mbili. Pale kibandani walikuwepo watu wanne wa kahawa, na mimi nilikuwa jukwaani, nawaeleza jinsi Wachina watakavyokuja Sofu kujifunza kwangu. Mmoja akaokota kitabu cha maelekezo, akasema, "Fundi, humu kuna picha ya betri, hebu tazama." Kitabu ni cha Kiingereza. Shule iliniacha kidato cha pili, na Kiingereza kiliniacha kabla ya hapo. Nikamjibu, "Kitabu ni cha wasio na vidole." Wakacheka. Nikakichukua, nikawekea juu yake chuma changu cha moto cha kuyeyushia risasi ya kuungia waya, ili meza isiungue.

Mimi nimelelewa na tochi. Kwetu sote hapa betri ni tochi: vichwa vyote vinaangalia mbele, unafunga kifuniko, unakwenda zako chooni. Nikaziweka hivyo, vichwa vyote vinaangalia mbele.

Kwenye ile picha, moja inatazama juu, ya pili inatazama chini.

Moshi haukuwa mwingi. Ulikuwa kama wa sigara moja tu. Harufu ndiyo sijaisahau.

Tangu siku hiyo nimefanya yote ninayoyajua na mengine nisiyoyajua. Nimeosha bodi kwa spiriti. Nimeng'oa kipande kilichoungua, nikapandikiza kingine kutoka kwenye simu iliyokufa. Nimepima kila njia kwa mita, na mita imekaa kimya kama shahidi aliyehongwa. Nikaipeleka Kariakoo kwa fundi mmoja anayetazama bodi kwa darubini, mtu asiye na maneno mengi. Aliitazama muda mrefu. Akasema, "Hii umeiua vizuri." Nikamuuliza kama naweza kupata bodi nyingine. Akanisaidia kuwaandikia waliotengeneza. Walijibu kwa adabu sana kwamba toleo lile limekwisha na hawatalitengeneza tena. Michoro ipo wazi, wakasema, mtu yeyote anaweza kujitengenezea.

Mtu yeyote. Labda Lubumbashi, si hapa Sofu.

Wiki tano Shaibu amekuwa ananiuliza, na wiki tano nimekuwa namjibu "bado kidogo tu". Leo asubuhi nikasema basi. Nikaazima pikipiki ya jirani, nikashika njia ya Mlandizi, kisha vumbi mpaka Vihingo. Njia nzima nilikuwa najisemea sentensi moja chini ya kofia: Shaibu, nimekiunguza, na hakuna kingine. Nimeisema mpaka ikawa haina ladha.

Bi Tatu alikuwa uani. "Shikamoo mama." "Marahaba baba, karibu, karibu, mkono wa Mungu." Hivyo ndivyo anavyoniita siku hizi, mkono wa Mungu. Kabla sijavua kofia nikaona jogoo amefungwa miguu kando ya mlango, mwekundu, mkubwa. Akasema ni wa kwangu. Anayemtengenezea mgonjwa kitu, akasema, haondoki mikono mitupu, na yeye hana kingine cha kutoa kilicho hai zaidi ya huyu. Nikamwambia mama, usubiri kwanza. Akaniambia, "Nisubiri nini na wewe umeshamtoa mwanangu kitandani?"

Maana Shaibu alikuwa amekaa. Amejiegemeza ukutani, ameketi mwenyewe. Mkononi ana ile mbao ya mfano niliyompa. Macho ameyafumba, na vidole vinacheza: dole gumba, shahada, dole gumba, cha kati. Anacheza gemu lisilokuwepo. Kandambili ya kitufe cha dole gumba imelika mpaka unaiona mbao. Bi Tatu aliniambia taratibu kwamba hufanya hivyo asubuhi kwa muda wa saa mbili na alasiri saa mbili nyingine, kujiandaa, asije akaniaibisha siku nikikileta.

Na vidole vyenyewe vinatetemeka zaidi ya siku ile nilipompelekea mbao. Mimi nimeviona. Hakuna aliyevitaja.

Akafumbua macho. "We Mnyamwezi! Umekuja na kichwa tu. Mzigo uko wapi?"

Nikajua ni sasa au basi.

"Nimekiunguza," nikasema.

Akanitazama. Nikamtazama. Wallahi sikutabasamu, nilikaza uso mpaka mashavu yakauma.

Akaangua kicheko. Alicheka mpaka mbao ikamponyoka, mpaka Bi Tatu akaja mbio akidhani amepaliwa. "Mama, msikie mtani! Eti amekiunguza! Baada ya kunirushia video!" Bi Tatu naye akacheka, ameshika mlango. "Nyinyi watani mtaniulia mwanangu," anasema, na huku machozi yanamtoka. "Si huyuhuyu aliyekuja kukuzika siku ya ndoa yako?"

"Shaibu, nasema kweli," nikasema.

"Na mimi nasema kweli, mguu wangu umepona, njoo nikupige teke!"

Kila nilivyozidi kukaza uso ndivyo walivyozidi kucheka. Miaka ishirini nimekuwa namzika akiwa hai, nauza mbuzi wake wa uongo, namtangazia misiba isiyokuwepo, kila mara kwa uso huuhuu mkavu. Leo nilikuwa naomba huo uso uaminiwe. Sikuwa na mwingine.

Ningeweza kutoa ile bodi. Ilikuwa mfukoni mwa koti, nimeifunga kwenye kitambaa, ina doa jeusi pembeni kama ukucha uliopondwa. Nilikuja nayo kwa ajili hiyohiyo. Nikaingiza mkono mfukoni, nikaigusa. Lakini Bi Tatu alikuwa bado anacheka. Sijamsikia yule mama akicheka tangu mnazi. Na Shaibu alikuwa anahangaika kuiokota mbao yake kwa vile vidole, anaikosa, anaikosa tena, anacheka, anaipata.

Nikatoa mkono mfukoni mtupu, nikamsaidia kuiweka sawa.

Tukala mihogo na samaki. Tukaongea habari za kibanda cha gemu, jinsi alivyokuwa ananifunga huku anakula muwa kwa mkono mwingine. Niliporudi jogoo alikuwa kwenye usukani, kichwa chini, ananitazama kuanzia Vihingo mpaka Mlandizi. Sasa hivi amefungwa humo ndani kwenye mguu wa meza ya kazi. Mke wangu ameniuliza tumchinje lini, nikamwambia jogoo huyu ni mgeni, halafu nikatoka nje kuandika.

Nimejaribu kufikiria la kufanya, kama wanavyofanya watu wanaoandika shajara, wakifika mwisho wanaazimia jambo. Sina jambo. Bodi haipatikani. Gemu la simu hataliweza, kioo cha simu ni utelezi na vidole vyake vinataka kitu cha kukishika. Kesho nitafungua kibanda, watu wataleta simu zao, nitawachekesha.

Huko juu nimeandika kwamba Shaibu amenisamehe. Ni uongo. Hakuna alichonisamehe, kwa sababu hakuna alichoamini. Wakati naondoka aliniuliza, safari hii bila utani, nitakileta lini.

Nikamwambia Ijumaa.