Mwili Ule Haukuwa wa Maharagwe

Kochi Kasereka,

Wanasema marehemu hasemwi vibaya. Nitajaribu, lakini siahidi. Sitaanza hata kwa kukutakia pumziko, maana nikianza hivyo nitakuwa nimekudanganya kwenye mstari wa kwanza, na kati yetu uongo umeshatosha.

Nina hasira na wewe. Nikifungua mlango wa salle yetu ya mazoezi asubuhi, ukungu ukiwa bado umelala juu ya mabati ya Bulengera, hasira inanitangulia kuingia. Watu sasa wananiita mimi Kochi. Wakiniita hivyo, bado nageuka kukutafuta. Halafu nakumbuka.

Uliondoka katikati ya neno, kwa hiyo hujui yaliyofuata. Ulikuwa umesimama nyuma ya Mbusa, yule kijana seremala uliyempenda kuliko sisi wote, mikono yako chini ya chuma chake. "Pumua, Mbusa. Hapana ogopa, niko hapa." Mara hukuwapo. Mtu mkubwa kama wewe, ulianguka bila kelele, kiatu kimoja tu kikagonga ukuta. Tulikupeleka kwa pikipiki, Mbusa amekukumbatia kwa nyuma kama mtoto aliyembeba baba yake. Hospitalini dokta alikugusa shingoni, akavua miwani. Moyo, alisema. Moyo umesimama.

Matanga hayakuisha kabla ya maneno kuanza. "Ni ile poda." Sokoni, kanisani, kwenye foleni ya maji: ni ile poda ya protini. Mama mmoja wa Vulamba alikuja kumtoa binti yake mazoezini akipiga makelele: "Munanywesha batoto betu sumu ya Kampala!" Mwanamume mmoja akamwaga kopo lake zima mtaroni mbele ya mlango wetu, maji ya mvua yakageuka meupe kama ya kuoshea muhogo.

Na mimi nikasimama kukutetea. Nilisimama hapo mlangoni nikasema maneno yako. Kwamba poda ile inatoka kwenye maziwa, nyingine kwenye soya, na soya hata mama zetu wanaisaga kwa uji wa watoto. Kwamba Kochi alitupimia kijiko ndani ya maziwa baada ya mazoezi, akajipimia na yeye kama sisi. Kwamba mwili wake ulitoka kwenye sahani. Nilisema mpaka koo likaniuma. Wengine walirudi, kwa sababu aliyesema ni mimi.

Unajua kwa nini waliniamini. Walijua nilikotoka.

Ulinikuta nikiuza makaa kando ya ukuta wako, mwaka ule tulipokimbia vita shambani kwetu, upande wa Oicha, mimi na mama na wadogo zangu. Miguu yangu ilikuwa kama mabua. Uliniona nikishusha gunia kutoka kwenye lori la Kirumba, ukasema, "Huyu musichana ana mugongo, lakini hapana kula." Watu walicheka. Wewe hukucheka. Uliniuliza nilikula nini jana, na juzi, nikakujibu ugali wa fufu na majani ya muhogo. Ulikasirika, si kwangu, kwa ile sahani.

Tangu siku ile ulinifundisha kula kama vile mwingine anavyofundishwa kusoma. Maharagwe kila siku, hata kidogo. Ndakala, wale samaki wadogo wa ziwani, na vichwa vyao. Yai kila lilipopatikana. Mboga ya lengalenga, avoka, na viazi, maana protini peke yake haimsimamishi mtu. Poda ilikuja nyuma kabisa. "Ile poda ni mugeni," ulisema. "Mugeni anapokelewa muzuri, lakini hapana kaa kwa kiti ya mwenye nyumba." Ulinichanganyia sheki yangu ya kwanza kwa mkono wako: maziwa ya ng'ombe wa Lubero, ndizi mbivu, karanga za kusaga, na kile kijiko. Nilikunywa yote nikalamba kikombe. Mama alipoona mashavu yangu yamejaa alikuja mpaka mlangoni kwako, akakushika mikono yote miwili, akasema "Wasingya, wasingya," akashindwa kuendelea kukushukuru kwa sababu ya machozi.

Ukanichukua kila mahali. Kwa kina mama wa parokia, kwa walimu, kwa vijana wa pikipiki. Ulivua koti, ukaonyesha yale mabega, ukasema, "Maharagi njo ilijenga hii." Kisha ukanisimamisha mimi kando yako kama shahidi. Na mimi nilishuhudia kwa moyo wote. Nilikuwa nasema ukweli wangu, Kochi. Sikujua kwamba ukweli wangu ulikuwa unafunika uongo wako.

Baada ya mazishi mkeo, Masika, aliniomba nitoe vitu vyako kwenye kile chumba cha nyuma, kwa sababu yeye hakuweza kuingia. Nilikunja nguo zako. Nilipanga makopo. Lile kopo kubwa la juu, uliloandika "lako hapana" kwa utani tukadhani ni akiba yako ya poda ya vanila, lilikuwa jepesi na lililia ndani. Nililifungua. Hapakuwa na poda. Palikuwa na ampuli, vichupa vya dawa ya kudunga, na sindano zimefungwa kwa kitambaa, na vidonge visivyo na jina.

Nilikaa chini sakafuni. Nilisema kwa sauti, peke yangu, "Ni za mtu mwingine." Nilisema tena. Halafu nikazipeleka kwa yule dokta aliyekupokea, mtu wa Kasai ambaye bado anachanganya Kiswahili chake na Lingala. Alizigeuza mkononi moja moja. "Kavira," akasema, "poda yenu ni chakula. Mwenye figo mbaya aulize kwanza, lakini ni chakula. Hii hapana chakula. Hii ni homoni. Inavimbisha misuli, na moyo pia ni musuli." Nilizirudisha kwenye kopo.

Nilikwenda kwa Masika nikitaka aniambie nimekosea. Alikuwa anachambua maharagwe uani, Kahambu wenu amekaa karibu yake anacheza na maganda. Akamtuma mtoto ndani. "Nilijua," alisema. "Nilimulilia aache. Alinijibu, batu hapana fwata kochi mwenye mwili ya kawaida."

Ya kawaida.

Ndipo nikakumbuka safari yetu ya Beni, kwenye lile shindano la kutunisha misuli. Yule jamaa aliyetoka mbali alipanda jukwaani na shingo kama ya fahali akashinda, wewe ukawa wa pili, na nyuma yetu kijana mmoja akapiga kelele, "Kochi wa maharagi, rudi shamba!" Watu walicheka sana. Tuliporudi ulivuta kofia usoni mpaka Maboya. Hapo gari lilisimama, hapakuwa na chakula cha kununua, ukatoa bare ya protini mfukoni, ile iliyofungwa kama chokoleti, ukaivunja vipande viwili. Ukajaribu kutabasamu. "Soma sukari yake kwanza," ukaniambia. "Nyingi ni bombo, pipi ya batoto, yenye ilivaa maillot ya muchezaji. Hii ni nzuri kwa njia, kama hakuna jiko karibu." Nilidhani umepona kile kicheko. Nilikula nusu yangu nikaona nina bahati ya kuwa na mwalimu kama wewe. Masika anasema ulianza wiki zile zile.

Ningeweza kukusamehe hapo. Nakuambia kweli. Mwanaume amechekwa, ameumia, ameficha aibu yake ndani ya kopo. Ningelia, ningeziba mdomo.

Lakini Mbusa akaja. Alinikuta nafagia, akaegemea mlango bila kuingia. Damu ilikuwa ikimtoka puani na macho yalikuwa mekundu. Aliniuliza kama najua ni nani aliyekuwa akikuletea "zile vitamini" kutoka mpakani, kwa sababu zake zimekwisha. Nikamuuliza vitamini gani. "Zenye Kochi alikuwa ananidunga," alisema. "Yeye mwenyewe, na mukono yake. Alisema wewe pia unatumia, lakini hapana kukuuliza, utasikia haya."

Kochi. Ulitumia jina langu.

Ulichukua miguu yangu hii, iliyojengwa kwa jasho na ndakala, ukaifanya tangazo la sindano. Nimelia kwa ajili ya vita, nimelia kwa ajili ya baba tuliyempoteza, lakini sijawahi kulia kama siku ile, nimeshika ufagio, na Mbusa ananiangalia bila kuelewa amesema nini.

Nilimpeleka kwa dokta siku hiyo hiyo, nikimvuta mkono kama mtoto. Presha ya damu ilikuwa imempanda vibaya. Dokta alimwambia akirudia sindano ile ataifuata njia yako. Mbusa akauliza kwa sauti ndogo, "Basi Kochi alijua?"

Ikaja siku ya kufunga matanga. Kaka yako mkubwa, Paluku, aliniita kando ya nyumba. Alikuwa amepata habari. Alisema kanisani watanipa nafasi niseme machache, na niseme ulikufa kwa uchovu wa kazi. "Jina ya mufu ni nguo yake ya mwisho, Kavira. Unataka kumuvua mbele ya batu?" Nilimtazama Masika akigawa chakula, Kahambu ameshika pindo la kitenge chake, na nilikaribia kukubali. Karibu sana. Lakini Mbusa alikuwa amekaa benchi la mwisho, anajifuta pua. Na nilijua hakuwa peke yake.

Kanisani sikusema kitu. Nilikuombea, nikakaa. Kesho yake nilifunga mlango wa salle, nikawaweka wote chini, nikalileta lile kopo nikamwaga vilivyokuwamo juu ya benchi. Nikawaambia hivi ndivyo vilivyomuua Kochi. Si maziwa, si soya, si ile poda mnayoisingizia. Nikawaambia mimi sijawahi kudungwa hata mara moja, na aliyeambiwa vingine alidanganywa.

Mmoja akasimama akaniita musaliti. Akasema nimekula mkononi mwako na sasa nauma ule mkono. Mwingine alicheka: "Kuku hapana nona kwa maharagi peke yake, tulijua zamani." Walitoka wengi, na wengine hawajarudi mpaka leo. Paluku hanisalimii, tukikutana njiani anavuka. Lakini watatu walibaki nyuma mpaka wenzao walipotoka, wakanionyesha mapaja yao palipochomwa. Watatu, Kochi, mbali na Mbusa. Na mkono wa kwanza kuwadunga siku zote ulikuwa wako.

Sasa nikueleze kinachonitesa zaidi kuliko sindano. Ulichotufundisha kilikuwa kweli. Nimeangalia kila upande nione kama na hicho kilikuwa uongo, ili nikichukie chote na nipumzike. Hapana. Dokta anasema kama ulivyosema: chakula kwanza, sheki iwe nyongeza, bare iwe ya njiani. Mimi mwenyewe ni ushahidi, nimesimama hapa. Ulikuwa na maneno ya kweli mdomoni, ukatulisha sisi tukashiba, na wewe mwenyewe hukuyaamini kwa sababu mtu mmoja alikucheka Beni. Mwili wa kawaida ungetutosha. Nani alikuambia hautatutosha? Mbona hukutuuliza?

Salle inaendelea, ndogo. Mama anapika nyuma ya ukuta, maharagwe na soya, na anayetoka kazini hajala anakula kwanza ndipo aguse chuma. Poda ipo bado, sikuitupa. Nimeiweka kwenye chupa ya kioo mezani, kila mtu aione, na kijiko chake kando. Kuna mama mmoja aliyetoka kuugua, meno hayamsaidii kutafuna. Anakunywa sheki yake pole pole kila jioni, na anaanza kupata nguvu ya kupanda mlima wa kwao. Mbusa amerudi. Anameza dawa za dokta, ananyanyua nusu ya alichokuwa akinyanyua, na mabega yake yamepungua. Juzi alijitazama kwenye kioo akageuza uso. Nikamsogelea. Nikampa sahani.

Bado nakupenda, na hilo ndilo baya kuliko yote. Ningekuwa sikupendi ningefunga barua hii mapema.

Kwaheri, Kochi. Siwezi kukuambia nimekusamehe. Siku nikiweza nitakuja mpaka kaburini niseme kwa mdomo, si kwa kalamu. Ninayoweza kukuahidi ni hili moja. Kahambu atakua, na watu watamsimulia vya kila aina: kwamba poda ilimuua baba yake, kwamba ni uchovu, kwamba ni uchawi. Siku atakapoingia kwenye mlango huu kuniuliza, nitamkalisha chini. Nitamwambia baba yake alinikuta ninakufa njaa akanifundisha kula. Kisha nitamwambia lililomuua, na lile alilowafanyia wengine. Akinichukia, nitamwacha anichukie. Lakini kwangu mimi, Kochi, mtoto wako hatadanganywa.

Kavira