Maharage ya Msiba Wako

Tata, baba yangu,

Mwaka umetimia, na baba mdogo ameanza kunisalimia. Tangu tukuzike hapa Igogwe alikuwa akinipita njiani kama hanioni.

Asubuhi ya mazishi yako, ng'ombe aliyemtoa kwa ajili ya msiba alikutwa amekufa zizini, damu nyeusi ikimtoka puani na haigandi. Wanaume wakanoa visu hivyo hivyo. "Msiba wa bwana mifugo bila nyama? Watatucheka mpaka Bulyaga." Nikasimama mlangoni pa zizi. Niliogopa, sikufichi. Nikasema huyu ana kimeta, hapasuliwi, anafukiwa mzima. Nikawakumbusha kovu jeusi la mkononi mwako, ulilolipata kwenye msiba wa bibi, siku uliyoona aibu kukataa ukashika kisu. Uliniambia mara moja tu: "Aibu inapoa, mwanangu. Kimeta hakipoi ardhini." Mwishowe wakachimba shimo, wakamfukia mzima.

Chuoni nimeona kwa nini. Mnyama akipasuliwa, mdudu wa kimeta hukutana na hewa, akajifungia ndani ya mbegu. Mbegu hiyo imevikwa protini tabaka juu ya tabaka, kama maganda ya mgomba, na nyingi zimeshikana kwa vifungo vya salfa. Nje kabisa ina vinyweleo, navyo ni protini. Inakaa udongoni miaka na miaka, haijali jua wala ukame. Hata maji ya moto inayastahimili, ndiyo maana ulinifokea nilipochemshia sindano zako kwenye sufuria ya chai. Nilinuna siku nzima. Leo kazi yangu maabara ni kuchunguza protini hizo zilivyopangana na wapi zinafunguka. Nitapaona, wewe ngoja tu.

Huku mambo yamebadilika. Tangu ninyi mabwana mifugo mpunguzwe kazini, chanjo imehamia madukani na wengi wameacha kuchanja. Mwezi uliopita, kijiji cha pili waligawana nyama ya ng'ombe aliyejifia. Wamelazwa, na mmoja amezikwa. Baba mdogo alirudi kutoka huko, akanikuta uani, akasema, "Kichwa kigumu kama cha baba yako." Nililia, Tata. Nilikukumbuka sana.

Mkebe wako wa sindano ninao. Kila likizo nitakuja kuchanja, nikianza na ng'ombe wake, na lile shimo la ng'ombe wa msiba wako halitafukuliwa nikiwa hai.

Ndaga fijo, asante sana kwa yote. Pumzika. Ulizikwa kwa maharage, na waliokuzika wote wako hai.

Binti yako