Shemeji Kaniamuru Nifute Joto la Bahari

Mshauri mpendwa, nisaidie kabla sijapasuka kwa hasira. Mimi ni mtafiti wa bahari, kazi yangu ni kuchukua vipimo vinavyotumwa na maboya yetu, vyombo vinavyoelea baharini vikipima joto la maji, na kuviingiza kwenye modeli ya kompyuta ili hesabu zake zisiachane na bahari yenyewe, ndipo tunajua joto lipi ni la msimu tu na lipi linaongezeka mwaka hadi mwaka, na safari hii msimu wa joto umeisha lakini maji hayajapoa, na modeli inaonyesha mwakani yatazidi, tena kwenye kina kifupi ambako kina mama wanalima mwani, shangazi yangu akiwemo, na mwani huoza maji yakizidi joto. Mkuu wetu kazini ni shemeji yangu, kaka wa mume wangu. Alikuwa ameshawaambia wakulima wapanue mashamba, kwa hiyo akaniamuru niyatoe maboya kwenye hesabu, eti yameharibika, wakati fundi aliyakagua akayakuta mazima. Nikakataa. Akayatoa mwenyewe, modeli ikabaki kurudia msimu wa kawaida, naye akasimama mkutanoni na ripoti yenye jina langu akasema, "Ni joto la msimu tu, litapita." Shangazi ameshauza cherehani anunue kamba za kupandia. Nyumbani mama mkwe ananitaka nimwombe shemeji radhi kwa kumvunjia heshima, na mume wangu akatazama sakafu akasema, "Kaka ndiye aliyekuingiza kazini. Mezea." Nimezee vipi?

Mtafiti Mwenye Hasira

JIBU

Usimezee. Pole sana mwanangu, ila nawe umenikera: shangazi anauza vitu vya ndani, wewe bado unafikiria radhi ya shemeji? Sebuleni ni shemeji, mpe salamu na heshima zake zote. Kazini ni mkuu aliyetupa vipimo vizima ili asionekane amekosea, tena akajificha nyuma ya jina lako.

Iandikie bodi inayomsimamia. Weka hesabu zote mbili, yenye maboya na isiyo nayo, pamoja na ripoti ya fundi, kisha udai jina lako liondolewe. Mama mkwe mwambie kwa adabu kwamba huna kosa. Mumeo nenda naye kwa shangazi, hayo ya kumezea akayaseme mbele yake kama anaweza.

Kazi unaweza kuipoteza, sikufichi. Lakini barua ya kwenda kwa bodi inaweza kungoja hadi kesho. Kwa shangazi nenda leo ukamwambie ukweli, kabla yeye na wenzake hawajaingia majini kupanda.