Mchanga wa Kitale, Stoo ya Bungoma

Jumatano, 3 Septemba 2025

Leo ndiyo nimepata nafasi ya kuandika. Jumapili nilienda Bungoma kumchukua binti yangu Nakhungu kwa shangazi yake. Watoto wengine wa ukoo wanakimbizana uani, wangu simwoni. Roselyne — dada ya mume wangu Wakoli, wifi yangu wa pekee, Mungu alijua mmoja angetosha — akasema ati yuko tu hapo nyuma. Hapo nyuma ni stoo ya mahindi. Mlango wa bati. Kufuli kwa nje!

Mtoto wa miaka sita. Hawezi kusema hata "nifungulieni".

Nikapiga kelele. Roselyne akajibu: "Sasa mbona unakasilika, bana? Kulikuwa na wageni. Na mtoto si alikuwa ametulia?" Wageni! Kumbe mtoto wangu ni sufuria yenye masizi, ya kufichwa wageni wakija.

Wakoli anasema niachane na hayo, dada yake hana nia mbaya. Nimeacha kuongea. Kukasirika sijaacha.

Ijumaa, 12 Septemba

Mambo ya jina tena. Kwetu Wakikuyu binti wa kwanza hupewa jina la mama ya mume, awe hai awe amekufa. Ni heshima. Nikajifungua, nikamwita Nakhungu, nikangoja kushukuriwa. Kumbe kwa kina Wakoli jina ni la marehemu! Kumpa mtoto jina la bibi anayepumua ni kama kumpimia bibi kaburi. Mama mkwe mwenyewe alicheka, akasahau. Roselyne hajasahau. Leo Sellah, jirani yao, amenipigia simu: wifi amewaambia akina mama wa kanisa kwamba Nakhungu hasemi kwa sababu mimi Wangui nilimpa jina la mtu hai, na mdomo ukabaki kwa mwenye jina.

Daktari alisema ni usonji. Usonji hauulizi mtoto anaitwa nani.

Dukani kwangu nauza dawa ya kupe, ya panya, ya viwavi. Ya wifi kampuni bado hazijatengeneza.

Jumatano, 17 Septemba

Kikao cha kwanza cha tiba ya mchanga, hapa Kitale. Sanduku la mbao lenye mchanga mkavu, na rafu ya vitu vidogo: ng'ombe, nyumba, watu, daraja, hata jeneza. Mtaalamu anaitwa Kimeli, kijana anayeongea kama anaogopa kuamsha mtu. Sheria yake: mtoto anacheza, mzazi ananyamaza. Hakuna kuuliza, hakuna kusifu, hakuna "weka hapa". Na mtoto haoni kazi yake ikifumuliwa. Kimeli huifumua tukishaondoka.

Nakhungu alimwaga mchanga kati ya vidole muda wote. Hakulia. Nyumbani hata kijiko kikianguka analia. Nilitaka kusema asante, nikakumbuka kunyamaza.

Jumatano, 1 Oktoba

Leo ameweka nyumba katikati, akaingiza msichana wa plastiki ndani, akaziba mlango kwa jiwe. Nje, mwanamke wa gauni jekundu. Stoo! Si ni wazi? Nikashindwa kujizuia. Nikainama: "Ni shangazi Roselyne, eeh? Nionyeshe, mama."

Akaacha. Akaziba masikio, akageukia ukuta. Hakuugusa mchanga tena.

Tulipotoka Kimeli akaniambia polepole kwamba mchanga si gazeti la kusomwa, na kwamba yeye mwenyewe hajui lile jiwe ni nini. Nikamjibu kwamba mimi namjua mtoto wangu. "Sawa, Mama Nakhungu." Hiyo sawa yake imenikera mpaka nyumbani.

Jumatano, 15 Oktoba

Bado anakaa sakafuni, mgongo kwa sanduku. Kimeli anasema tungoje. Hili nalo namhesabia Roselyne! Asingemfungia, nisingeuliza.

Jumapili, 19 Oktoba

Mungu hamwachi mja wake! Roselyne amechaguliwa mwenyekiti wa akina mama kanisani. Sherehe ya shukrani itafanyika nyumbani kwake tarehe mbili mwezi ujao. Mchungaji, chifu, hema, spika. Na wake wa ukoo watapewa maikrofoni, kila mmoja atoe neno la kumsifu.

Nitatoa neno. Nitasimama nimemshika Nakhungu mkono, niwaambie mwenyekiti wao hufungia watoto pamoja na mahindi. Halafu nikae chini nile kuku wake.

Nimeanza mazoezi. Mzee Muturi aliingia dukani kutafuta dawa ya ng'ombe, akanikuta nalinyooshea kidole gunia la mbolea. Aliondoka bila kununua.

Jumamosi, 1 Novemba

Wakoli anashangaa mbona nina furaha hivi kwenda kwao. Nimepiga gauni pasi. Kimeli alishauri mtoto abaki, kelele zitamzidi. Lakini bila yeye neno langu litakosa uzito. Ataenda.

Jumapili, 2 Novemba

Naandika nikiwa ndani ya stoo, daftari nimelitoa mkobani. Mwanga unaingia kwa matundu ya misumari.

Imekuwa hivi. Spika waliziweka karibu na viti vyetu. Nakhungu akaziba masikio, akaanza kunigonga kifua kwa kichwa. Nikageuka kupokea soda kwa Sellah — mtoto hayupo! Jikoni, chooni, nyuma ya hema. Kisha nikaona mlango wa stoo umeachwa wazi. Amekaa kwenye mahindi yaliyopukuchuliwa, anayamwaga kati ya vidole. Ametulia kabisa. Ameingia mwenyewe.

Niliumia. Nilimtaka aichukie stoo hii kama mimi.

Nikakaa kando yake, magunia yakiwa kati yangu na mlango, mdomo nimeufunga. Baadaye akashika mkono wangu, akaugeuza kiganja juu, akanimwagia mahindi. Akarudia. Hajanishika mkono tangu ile siku ya jiwe.

Halafu viatu vya Roselyne. Kichwa chake kikaingia, kikamwona Nakhungu. Mimi hakuniona. Mlango ukafungwa, kufuli ikalia. Sauti ya mke wa mchungaji ikauliza kuna nani humo.

"Hakuna mtu, mama mchungaji. Ni mahindi tu."

Mahindi tu!

Bado wako hapo nje, wanasifu maua. Maikrofoni inaita: mke wa Wakoli, mke wa Wakoli ako wapi, aje atoe neno. Nikilipiga bati hili ngumi moja, boma zima litakuja mbio, na Roselyne atatufungulia mbele yao kwa ufunguo wake mwenyewe. Hata hotuba haihitajiki. Sijawahi kuletewa kisasi kikiwa kimepikwa na kupakuliwa hivi.

Naandika kwa mkono wa kulia. Wa kushoto umejaa mahindi.

Wameita tena. Nimekunja ngumi, mahindi yamemwagika. Nakhungu ameacha kucheza. Ameangalia ngumi, ameangalia bati, na mikono yake imeanza kupanda masikioni kabla hata sijagonga. Nimeifungua ngumi, nimemgeuzia kiganja juu.