Kaseti ya Somo la Jani

Sokon I, Arusha
16 Juni 1993

Mdogo wangu Aminiel,

Nakusalimu kwa upendo, wewe na shemeji Irine, nikiamini joto la Dar halijawachosha. Sisi tuna baridi ya Juni, na Mlima Meru umejifunika wiki nzima. Shemeji yako Agnela anakohoa kidogo, ila kila Jumamosi hakosi kwenda Nduruma kuangalia maharage yake.

Wewe uko wizarani, unajua watumishi wanapunguzwa. Huku chuo cha ualimu majina ya watakaopunguzwa hatujayaona, na asiyeliona jina lake hulitafuta usoni mwa mwenzake. Katikati ya hofu hiyo Mkuu wa Chuo akaleta radio kaseti, akamkabidhi Lemburis, mkufunzi kijana aliyehamia kwetu mwaka jana, arekodi masomo yetu ili tujisikilize na kusaidiana kufundisha vizuri zaidi. Nilimuuliza Mkuu kwa nini msaada huo uje mwaka huu wa kupunguza watu. Akajibu kwamba zamani radio hizo hazikupatikana, siku hizi zimejaa madukani. Jibu lilikuwa la kweli, nami sikuliamini, maana chuoni inasemekana kaseti hizo zinaletwa huko wizarani kwenu.

Mwalimu Shomari aliiita shushushu wa betri. Akiingia darasani huiamkia kwanza, shikamoo mzee, ndipo awasalimu wanachuo. Tulicheka, lakini kila mmoja alijiandaa. Mimi niliwafanyisha wanachuo mazoezi ya kuitikia. Unaukumbuka mtindo huo tangu tukiwa shule: mwalimu huanza neno, darasa zima hulimalizia. Siku ya kurekodi waliitikia kama kwaya ya Krismasi. Lemburis akatabasamu, akasema, mzee, hii tutaisikiliza pamoja. Tabasamu lile ndilo lililofanya nikuandikie mwezi uliopita, nikikuomba uwaambie wakubwa wako wamhamishe.

Sasa nikueleze nisilomwambia mtu mwingine. Alhamisi niliichukua kaseti yangu kabatini bila ruhusa, nikaja nayo nyumbani ili nirekodi nyimbo za usharika juu yake. Nikaona niisikilize kwanza. Agnela alikuwa jikoni akichambua maharage. Sauti yangu ikasema jani hujitengenezea cha…, naye kule jikoni akaitikia, kula, sawa na darasa. Kwa nguvu ya mwanga wa ju…, naye akamalizia. Alikwenda hivyo hadi mwisho bila kukosa. Nikamuuliza kama ameelewa jani linavyofanya kazi hiyo. Akacheka, akasema, Baba Lucky, nitaelewaje wakati neno umenitia mdomoni, mimi nilikuwa nawaza mawe ya kwenye maharage.

Sikuifuta. Nilikaa nikifikiri kwamba wanachuo hawa ndio watakaokwenda kufundisha watoto wetu, kwa mtindo niliowapa mimi.

Jumatatu nilimrudishia Lemburis kaseti, nikamweleza nilichokusudia, nikamwomba arekodi tena. Nikauliza darasa kwa nini jani likifunikwa siku nyingi hubadilika rangi, kisha nikanyamaza. Wakasubiri nianze neno. Sikulianza. Kimya kilikuwa kirefu hata Shomari akachungulia mlangoni, akidhani kuna mgonjwa. Mwishowe binti mmoja, Rukaiya, akasema polepole, samahani mwalimu, somo hili hatujalielewa tangu mwanzo, tuliona vibaya kukuaibisha mbele ya radio.

Kaseti hiyo, na kimya chake chote, iko kwa Mkuu. Lemburis bado simwamini sana, alitabasamu tena. Lakini uhamisho wake uache, na kama umeshamwambia mtu, mwambie kwamba mimi kaka yako nimejirudi. Na mimi pia usiniombee kwa yeyote. Kama kweli kaseti zetu zinaletwa huko, sikiliza mpaka umfikie Rukaiya. Baada yake ndipo nilipoanza kufundisha.

Agnela anawasalimu, na debe la maharage litakuja na mgeni wa kwanza atakayeshuka Dar. Mungu awatunze mpaka tuonane.

Ndimi kaka yako,
Elihuruma