Hadithi Namba Tisa

Lagos, 3 Machi 2018

Mama mpenzi,

Shikamoo. Magoti yanasemaje? Mimi mzima, ila macho yananiwasha. Nimeteuliwa jaji wa tuzo ya hadithi fupi za mambo ya ajabu. Kumi na mbili zimeingia fainali, majina ya waandishi yamefutwa, na kila moja lazima niisome mara tatu kabla ya kutoa alama. Majini wa humo wana maneno kuliko mjomba Osagie.

Ila ya tisa imenitisha. Kijana aliyezama mtoni anasimama getini na kumwita mama yake kwa jina: Isoken. Nani mwingine alikuita hivyo, kama si marehemu kaka Osaretin? Wenzangu husoma kimya. Mimi husoma kwa sauti. Jumanne asubuhi niliisoma, nikalia.

Mwanao, Itohan

Benin City, 9 Machi

Binti yangu,

Dereva wa basi amenifikishia barua. Magoti bado yananitesa. Na wewe ule, usiishi kwa chai.

Jumanne hiyo asubuhi nilikuwa namenya mbegu za egusi, nikasikia naitwa kutoka getini. "Isoken." Mara moja. Sikuitikia, bibi yako alitufundisha sauti usiyemwona mwenyewe usiiitikie mpaka iite mara tatu. Nilichungulia, hakuna mtu. Kizingiti kilikuwa kimelowa, na mvua hatujaiona tangu Novemba.

Mama yako

Lagos, 15 Machi

Mama,

Shikamoo, na pole. Barua yako ilinikuta nimeshaisoma tena ile hadithi, Jumapili baada ya ibada. Niambie hukusikia kitu. Mara ya tatu siisomi, nimeipa sifuri. Usiitikie, Mama. Nitabaki na nani?

Mwanao

Benin City, 20 Machi

Itohan,

U mzima? Mimi hata magoti yamepoa. Jumapili aliita tena, mlangoni kabisa, akakohoa kile kikohozi chake.

Miaka kumi na moja tangu azame. Siku ile mtoni aliniita, nikadhani anacheza, sikuitikia. Nakuomba, mwanangu, soma mara ya tatu.

Mama yako

Lagos, 2 Aprili

Mama,

Shikamoo. Sitasoma. Lakini wenzangu wameipa alama zote, imeshinda. Jumamosi saa tisa alasiri itasomwa kwa sauti jukwaani. Niliwasihi waache, wakanicheka. Ijumaa nakuja kukuchukua.

Mwanao

Benin City, 5 Aprili

Itohan wangu,

Natumaini umeamka salama. Usije. Nimempa dereva barua hii pamoja na funguo za nyumba. Nimefagia uani, nimepika supu ya ogbono anayoipenda, na taulo kavu nimeliweka tayari. Jumamosi saa tisa nitakuwa nimekaa getini. Mara hii nitaitikia.

Mama yenu